Shamba la Kimbilio

Bura Lohay alivuka mstari wa mawe Jumamosi asubuhi akiwa amevaa koti lake la kanisani. Dada yake Yasinta alikuwa barazani akichambua vitunguu saumu vya mbegu, na alipoliona koti lile alijua kaka yake amekuja kuomba. Mawe hayo aliyapanga baba yao mwenyewe siku alipowagawia shamba, nusu kwa mwanawe na nusu kwa bintiye, jambo ambalo wazee wa bonde la Tsaayo hawakulizoea. Tangu walipomzika, Bura hakuwa amekanyaga upande huu.

Yasinta alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akamwamkia. Akamtolea kigoda, akaenda jikoni kuleta chai ya maziwa. Waliulizana habari za mifugo na za mvua kama watu waliokutana njiani. Bura alikunywa chai yake taratibu, akaiangalia miti ya dada yake, kisha akageuka akaiangalia ya kwake.

Kutoka pale barazani miti yote ilionekana vizuri. Upande wa Yasinta mizeituni mwitu ya baba yao ilisimama mlimani nyuma ya nyumba, minene, majani yake meusi kwa juu na meupe kwa chini, imejaa mpaka kileleni. Upande wa Bura vilele vilikuwa vikavu. Magome yalikuwa yamebanduka vipande vipande, na kwenye mbao zilizobaki wazi ungeweza kuona njia zilizochimbwa na mabuu, zimepindapinda kama utumbo wa mbuzi. Mbawakawa wa kijani ndio waliofanya hivyo. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mahindi, na aliingia nchini ndani ya mbao za makasha ya mizigo wakati Yasinta bado yuko chuoni. Buu lake hula ile ngozi laini iliyo chini ya gome, na mti unakufa kwa njaa huku ardhi yake imelowa.

Zamani mti ukifa mlimani watu walipata kuni. Siku hizi, mvua inapomwaga maji ya msimu mzima kwa wiki moja, mti ukifa mlimani nyumba iliyo chini yake inakuwa haina mlinzi.

"Nimekuja unichanjie miti," Bura alisema.

Alieleza bila kumtazama. Juu ya nyumba yake udongo ulikuwa umefanya ufa, mrefu kutoka zizini mpaka kwenye mizinga ya nyuki. Mke wake, Martha, tangu apatwe na kiharusi upande mmoja wa mwili haukumtii, na kitanda chake kilikuwa kwenye chumba cha nyuma, ukutani kabisa, pale mlima unapoanzia. Vijana wao wawili walioko Arusha walitaka kumchukua mama yao. Martha hakutaka kuondoka jikoni kwake. Basi Bura alikuwa amefikiri, kama ile miti michache iliyobaki hai ingechanjwa, mizizi yake ingeshika, na mambo mengine wangeyaona mbele ya safari.

Yasinta alikumbuka maneno ambayo kaka yake aliyasema mwaka ule chanjo ilipofika, mbele ya watu wote, udongo wa kaburi la baba yao ukiwa bado mbichi. Alisema chanjo inaigeuza harufu ya mti, na nyuki hawatui kwenye ua lisilonukia, na kwamba dada yake amesomeshwa ili arudi nyumbani kuifanya miti ya baba iwe maiti zinazosimama. Maboma yote ya bonde yakachanja. Bura peke yake akabaki.

Hakumkumbusha. Alimwambia atakuja Jumatatu. Bura akaweka kikombe chini, akamshukuru, akavuka mawe kurudi kwake. Yasinta akajikuta ameshika kitunguu kimoja mkononi bila kukumbuka alitaka kukifanya nini.

*

Mchana ule ule alikwenda kumwona Gwandu. Gwandu alikuwa mtaalamu wa wilaya, na ofisi yake ilikuwa kwenye ghala la zamani la ushirika, ambako hewa bado ilinuka ngano. Yasinta mwenyewe alikuwa mganga wa miti wa Tsaayo: yeye ndiye aliyezunguka kila boma na keekee lake, akatoboa mashina, akapiga sindano. Lakini kila chupa ya chanjo ilikuja na kufuli yake, na kufuli ilifunguliwa kutoka kwenye kishikwambi cha Gwandu, chupa hii kwa miti ya fulani, ile kwa miti ya fulani.

Alimweleza habari za kaka yake, za ufa na za Martha. Gwandu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeuzia kishikwambi chake, ambapo bonde lote lilikuwa limechorwa kwa kijani na katikati kuna boma moja jekundu, la Bura.

Yasinta hakuhitaji kuelezwa, lakini Gwandu alieleza, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Chanjo inaufanya mti utengeneze uchungu unaoua mabuu. Karibu yote hufa. Yanayosalia ni machache mno, yale yaliyozaliwa yakiweza kuuvumilia ule uchungu. Kama kuna shamba moja ambalo halijachanjwa, mbawakawa wa kawaida wanazaliana humo kwa wingi, na wale sugu wachache wanapotoka kutafuta wenza wanakutana nao, na watoto wao wanazaliwa dhaifu tena. Shamba hilo kwenye vitabu vya wizara linaitwa shamba la kimbilio. Kama halipo, sugu anamwoa sugu. Baada ya misimu michache hakuna chanjo inayowatisha.

"Kwetu tulichanja kila mti," alisema. "Kila mmoja. Watu walifurahi, tukachinja ng'ombe. Unajua kilichofuata."

Yasinta alijua. Bonde la kina Gwandu liko mashariki, na sasa hakuna anayeishi huko. Mama yake Gwandu alitolewa kwenye tope akiwa bado ameshika ndoo.

"Nani mwingine achukue nafasi ya kaka?" Yasinta aliuliza.

"Taja wewe. Nitajie mtu mmoja hapa Tsaayo ambaye ukimwambia aache miti yake iliwe atakubali."

Kisha Gwandu akasema kwa sauti ya chini kwamba kaka yake Yasinta alikuwa mzee, hangejua tofauti. Atie maji kwenye mabomba, na rangi kidogo. Miti ile ilikuwa nusu mfu tayari. Ikifa, itaonekana kwamba chanjo ilichelewa, na hilo halitakuwa uongo mkubwa.

Yasinta alirudi kwa miguu, akipita chini ya miti ya majirani aliyoichanja kwa mikono yake. Msimu huo chanjo ya miti yake mwenyewe ilikuwa inaisha nguvu. Chupa zake za kuichanja upya zilikuwa tayari stoo, zimeshafunguliwa kufuli.

*

Jumatatu Bura alikuwa ameshapalilia kuzunguka kila shina, na ameyapangusa magome kwa kitambaa, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa kliniki. Martha alikuwa amekalishwa mlangoni na blanketi magotini. Alimsalimu wifi yake kwa ile nusu ya mdomo iliyomtii, na Yasinta akaenda kumshika mkono, akauona umekuwa mwepesi kama kitu kilichokaushwa.

Alianza na mti ulio karibu na zizi. Keekee liliingia, likatoa unga wa mbao wenye unyevu. Akaweka sindano, akasukuma. Maji yale, yenye rangi ya waridi, yakanywewa na mti. Bura alimsaidia kushika mpira wa bomba, na alimtazama usoni mara kwa mara kuona kama kazi inakwenda sawa. Wakahamia mti wa pili. Alimwambia dada yake kwamba yale maneno ya kaburini aliyasema kwa uchungu wa msiba, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuyafurahia. Yasinta akasema yameshapita.

Walipofika wa tatu, Bura alisema kwamba jana yake alikuwa amewapigia simu vijana. Walikuwa waje na gari mwisho wa wiki kumchukua mama yao hata kama hataki. Amewaambia wasije. Amewaambia shangazi yao anaichanja miti, na kwamba mama atabaki kwenye chumba chake.

Keekee lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Yasinta alilizima, likabaki limenasa kwenye shina. Akakaa chini kwenye nyasi.

"Kaka," alisema, "ni maji."

Bura alidhani anaomba maji ya kunywa. Aligeuka kuelekea nyumbani ili aite mtu alete kikombe.

"Hapana. Hiki ninachotia kwenye miti. Ni maji matupu."

Alimweleza yote pale pale chini, akiwa ameshika magoti yake. Alieleza kimbilio ni nini. Alieleza boma jekundu katikati ya kijani. Bura alisikiliza akiwa amesimama, mpira wa bomba bado mkononi, na alipouliza, hakuuliza kuhusu mbawakawa.

"Mwaka ule nilipokataa, ulikuja kunibembeleza mara moja tu. Halafu ukaacha. Nikasema moyoni mwangu, dada yangu ameniheshimu."

Yasinta angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha.

"Tulikuwa tumeambiwa lazima abaki mmoja," alisema. "Ulipokataa, tulishukuru."

Upepo ulipita kwenye vilele vikavu. Bura aliuweka mpira chini kwa uangalifu, akauviringisha vizuri kama alivyoukuta. Akafuta mikono yake kwa kile kitambaa cha kupangusia miti.

"Wapigie wewe vijana," alisema. "Waambie waje na gari. Mimi siwezi kuwaambia jambo kama hili juu ya shangazi yao."

Akaenda zake mlangoni, akamwinua mke wake pamoja na kiti, akamwingiza ndani.

*

Yasinta aliwapigia. Yule mkubwa akakata simu. Mdogo alimuuliza swali moja, kama angewaambia siku ambayo mlima ungeshuka, na Yasinta akajibu kwamba hajui. Hilo lilikuwa kweli.

Siku iliyofuata alitoa chupa zake zote stoo, akavuka mawe, akaichanja miti ya Bura iliyokuwa bado na majani. Alianza upya na ile miwili ya maji. Kaka yake hakuja kushika mpira. Alikaa mbali karibu na mizinga na mgongo ameugeuzia kazi, lakini hakumfukuza. Kwenye kishikwambi cha Gwandu, kule ghalani, kufuli zilikuwa zimeandikwa kwa jina la Yasinta, na vifaa vya wilaya vya kunusa chanjo, vilivyotundikwa kwenye miti, vingeonyesha baada ya siku chache harufu ikigeuka mahali pasipotarajiwa. Hakusubiri vionyeshe. Yeye mwenyewe alimpigia Gwandu, akamwambia.

Vijana walifika na gari mwisho wa wiki. Martha aliwaambia polepole, neno moja moja, kwamba mji hautamwona. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyenyoosha kidole kuelekea ng'ambo ya mawe. Kwa wifi yangu, alisema, pale naona moshi wa jikoni kwangu. Wakamhamishia kwenye chumba cha mbele cha Yasinta, ambako mlima uko mbali kidogo na nyumba imejengwa juu ya mwamba. Bura alibeba kitanda, akakiweka, akarudi kulala kwake.

Jumapili baada ya misa mkutano ulifanyika ghalani. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Paskalina Tarmo, mjane mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mlima mkali kuliko yote bondeni. Yasinta alisimama akawaeleza watu kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwaeleza: kwamba miti yao ilikuwa hai kwa sababu ya mtu mmoja kufiwa na yake, na kwamba sasa mtu huyo amechanjiwa. Minong'ono ilianza nyuma. Akasema wasiogope kwa msimu huu, kwa kuwa miti yake mwenyewe haitachanjwa upya, na kimbilio litakuwa kwake.

Gwandu alisimama bila kuitwa. Alisema maji yalikuwa shauri lake, na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yeye. Alisema pia kwamba angeweza kuyapeleka wizarani yaliyofanyika, na hakuyapeleka, na hajui bado kama amefanya vizuri.

Ndipo Paskalina alipouliza lile ambalo wengine walikuwa wanalizunguka.

"Na miti yako ikiisha, mwanangu?"

"Atafuata mwingine."

"Nani?"

Yasinta alisema hilo si la mganga wa miti kuamua, wala la wilaya. Kila chanjo ina mwisho wake, na kila msimu kuna boma ambalo chanjo yake inaisha. Mwenye boma atajulishwa mapema, ahame chini ya mlima wake, asaidiwe na wenzake kujenga pengine, na baada ya hapo apande upya.

Hawakukubali siku ile. Paskalina alimwambia mbele ya wote kwamba alikuwa na amani nyumbani kwake mpaka saa hii, na kwamba Yasinta ameichukua amani hiyo bila kumpa kitu mkononi. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ingefaa mambo kama haya yabaki ofisini. Watu wakatawanyika, na kwa muda mrefu baada ya hapo Yasinta akipita njiani wengi walikuwa na jambo la kuangalia upande wa pili.

*

Mvua zilikuja kwa pamoja, kama kawaida yao siku hizi. Asubuhi ya siku ya tatu Bura alikuwa amevuka kuleta maziwa, na akiwa bado anamimina kwenye sufuria walisikia sauti kama ya lori linalopanda kilima. Walipotoka barazani, ufa ulikuwa umefunguka. Udongo uliteremka taratibu kuliko Yasinta alivyokuwa amefikiri, na miti mikavu ilikuja nao imesimama wima, kisha ikaanza kulala mmoja mmoja. Ulichukua zizi. Ulichukua mizinga. Uliingia kwenye chumba cha nyuma na kutokea mbele. Lakini pale ambapo miti iliyokuwa hai ilisimama, upande wa jikoni, udongo haukusogea, na nusu ile ya nyumba ilibaki imesimama, moshi bado unatoka.

Ndani, Martha aliuliza kuna nini. Bura alikwenda akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia. Yasinta hakuwafuata. Alisikia sauti ya kaka yake ikinena, kisha akamsikia akimwita yeye kwa jina, akimwomba achemshe yale maziwa awaletee chai. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya keekee.

Kiangazi kilipoingia, mbawakawa walihamia kwa Yasinta. Vilele vya mizeituni ya baba yake vilianza kupauka, na ndege kigong'ota walikuja kwa wingi kudonoa magome, kwa sababu walijua kuna chakula humo. Alilia mara moja, peke yake, kwenye ule mti uliokuwa karibu na makaburi. Kisha akaanza kazi. Yeye na Bura waliikata ile iliyokuwa imeinamia nyumba, wakachimba matuta ya kuzuia maji, wakapanda miche ya aina nyingine ambayo mbawakawa hawaitaki na ambayo hakuna mmoja wao angeishi kuiona imekuwa minene. Mara nyingine Bura aliondoka jioni bila kuaga, na kesho yake akarudi na msumeno.

Siku moja, wakiwa wanapumzika, walimwona Paskalina akipanda njia. Alikuja polepole akijishika kiuno, bila mtu wa kumsindikiza. Alisalimu, akakataa kigoda, akasimama mbele ya shina lililo karibu, akalitazama kutoka chini mpaka juu.

Alisema kwamba kamati ilikuwa imekaa. Walikuwa wameangalia chanjo ya nani inaisha msimu ujao, na ilikuwa ya watu watatu, naye akiwa mmoja wao. Wale wawili wana watoto wadogo.

"Nionyeshe mti unavyoanza kuliwa," alimwambia Yasinta. "Nisije nikashtuka mbele ya wajukuu."

Yasinta alilitafuta tundu kwenye gome. Hutokea dogo sana, bapa upande mmoja, kama nusu ya kifungo, pale mbawakawa aliyekomaa anapotoka. Alikichukua kidole cha yule mama, akakiweka juu yake. Paskalina alikiacha pale, akakizungusha kidogo, akafuata ukingo wake. Alikuwa na mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote, na ngozi nene ya kidole chake ilikaribia kuliziba tundu lote.

Bura alikwenda ndani, akarudi na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili.

Paskalina alikunywa, akarudisha kikombe, akauliza kama ni afadhali kung'oa mabati ya nyumba yake kabla ya mvua au baada.

"Kabla," Yasinta alimwambia. "Tutakuja kukusaidia."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, akajifunga vizuri kitenge chake, akaanza kuteremka njia.